Maji Yetu Yanakwenda Mjini

"Ukiulizwa maji ya chooni yanakwenda wapi, utasema nini?"

"Yanakwenda mjini."

"Yanapita wapi?"

"Kwenye bomba la chini, pamoja na ya watu wengine."

"Na wewe unacheza wapi?"

Niya alifikiri kidogo. Mguu wake mmoja ulikuwa ndani ya karai, mwingine mapajani mwa mama yake, Renita, aliyekuwa akiusugua katikati ya vidole kwa brashi ya kucha. "Mbele," akasema. "Kwenye maua ya Bibi."

"Siyo nyuma."

"Siyo nyuma. Mama, nikimaliza kusema naweza kulala?"

Alikuwa na miaka saba, na tangu shule zilipofungwa alikuwa analala kama paka, popote usingizi unapomkuta. Alilala ngazini, alilala na kijiko mdomoni, alilala akiwa amesimama huku ameegemea friji, shavu lake limebandikwa pale penye ubaridi. Ukimwamsha alikutabasamia kwanza, kama mtu anayerudi kutoka mahali pazuri na hataki kukuudhi kwa kukuambia.

Renita alisugua tena. Kulikuwa na vipele vyekundu kati ya vidole, vile vinavyowasha, na alitaka vipungue kabla daktari hajaviona.

"Unamsugua mtoto au sufuria?" Mama Dessa aliuliza kutoka mlangoni. Alikuwa mama mzazi wa Cortez, mume wa Renita, na kiti chake kilikuwa pale pale mlangoni, kwenye upepo.

"Namsafisha, Mama."

"Wanaomngoja huko ni madaktari au wachumba?"

Niya akacheka kwa pumzi tu, bila sauti.

Nyuma ya nyumba yao ya trela, bomba jeupe la plastiki lilitoka chini ya sakafu, likapita kwenye majani, likaishia bondeni penye miti. Hapo ndipo yalipokwenda maji yao. Udongo wa upande ule wa Alabama ni mweusi na mzito, uliwahi kuwatajirisha wenye pamba, lakini haunywi maji. Tangi la maji taka linaloweza kufanya kazi kwenye udongo huo linauzwa ghali kuliko trela lenyewe. Kwa hiyo karibu kila nyumba ya barabara ile ilikuwa na bomba lake, na kila bomba lilikuwa na bwawa lake. Asubuhi ukungu ulipolala juu yake na kereng'ende wakawa wanagusagusa maji, ungelitazama kwa mbali ukadhani ni bwawa la kwenye hadithi, lile ambalo samaki huongea na watoto. Upepo ukigeuka ndipo ulipojua.

Hakuna aliyelitaja. Mwaka juzi Bwana Afya alimwandikia Clarence Moseley, wa nyumba ya kona, kwamba bomba lake ni kosa la jinai. Clarence hakuwa na pesa za kununua tangi. Polisi walimchukua akiwa amevaa ndara za nyumbani, pingu mikononi, wanawe wamesimama barazani wanatazama. Tangu siku hiyo watu wa barabara ile wakiulizwa na mgeni maji yao yanakwenda wapi, walizungumzia hali ya hewa.

*

Walipata lifti ya Bi Earlene, jirani yao, kwa sababu gari la nyumbani lilikuwa na Cortez kiwandani. Kliniki ilifunguliwa Jumanne peke yake. Zamani palikuwa na hospitali hapo hapo wilayani. Sasa jengo lake lilikuwa na njiwa.

"Mtoto anaumwa nini hasa?" Bi Earlene aliuliza, macho barabarani.

"Uchovu."

"Uchovu wa miaka saba? Mimi nina sitini na tano na bado sijapata nafasi ya kuchoka."

"Anapauka pia. Na moyo unamwenda mbio."

"Hayo ni mambo ya mazingira, Renita. Mtoto anataka pasafi. Mimi kwangu, namshukuru Mungu, marehemu Otis aliniachia tangi." Bi Earlene hakuweza kumaliza maili mbili bila kulitaja tangi lake. Alilitaja kwenye maziko, alilitaja kwenye harusi, na mara moja alilitaja katika sala ya kufungia ibada.

"Ulituambia, Bi Earlene."

"Nasema tu."

Niya alikuwa amelala kiti cha nyuma, mdomo wazi. Mabwawa ya kufugia kambare yalipita dirishani moja baada ya jingine, yaking'aa, na kila lilipopita mwanga wake ulimpita mtoto usoni kama mkono.

Kliniki, dada wa dirishani aliingiza namba ya kadi ya Niya kwenye kompyuta, akaiingiza tena. "Bima ya huyu imekufa," alisema, kwa sauti iliyofika mpaka kwenye viti vya mwisho.

"Imekufa lini?"

"Mwezi wa nne. Ulitakiwa kuihuisha."

"Sikupata barua."

"Barua zinatumwa, mama."

"Sikatai. Nasema sikuipata."

"Utalipa taslimu leo, au nimpe nafasi mwingine?"

Watu waliokuwa wamekaa walitazama magoti yao, jambo ambalo ni adabu ya mahali pale. Renita alifungua mkoba akatoa pesa za umeme. Alizitoa moja moja, siyo kwa sababu zilikuwa nyingi.

Daktari alikuwa kijana wa kizungu mwenye nywele za rangi ya mahindi makavu. Serikali iliwaleta vijana wa namna yake wilayani ili walipe deni la masomo kwa kutumikia, na deni likiisha huwaoni tena. Lakini huyu alikuwa mpole. Alichuchumaa mpaka macho yake yakawa sawa na ya Niya, akamvuta kope ya chini kwa kidole gumba, akatazama ndani kwa muda mrefu.

"Mnatumia maji ya kisima?"

"Ya bomba, Daktari."

"Na maji taka? Nauliza kila mtu, usijali."

Renita aliuona mlango wake, ngazi zake, na Cortez akishuka hizo ngazi kwa ndara. "Tumeunganishwa na mji," akasema.

"Maji yetu yanakwenda mjini," Niya akaongezea. "Kwenye bomba la chini, pamoja na ya watu wengine."

Daktari akatabasamu. "Hongera, unajua mengi. Unacheza wapi?"

"Mbele. Kwenye maua ya Bibi."

"Je, ana tabia ya kula vitu visivyo chakula? Barafu, chaki, udongo?"

Renita alihisi uso unamchemka. Udongo ulikuwa jambo la ndani, jambo la wanawake wa kwao, na wageni walilifanyia mzaha. "Hapana, Daktari. Anakula kama watoto wengine."

Basi daktari aliandika alichoambiwa, akatoa dawa ya maji ya kuongeza damu, akasema warudi asipopata nafuu. Nje, Niya alimshika mama yake kidole. "Nilisema vizuri?"

"Ulisema vizuri sana, mwanangu." Akamnunulia barafu ya zabibu. Niya aliilamba mara mbili, akalala nayo mkononi, ikamyeyukia gauni, zambarau, taratibu, mpaka wakafika nyumbani.

*

Joto la mwezi wa saba liliwaangukia. Siku zilivutika kama mpira. Nyenje wa mitini waliimba tangu asubuhi mpaka uchoke kuwasikia, na hewa juu ya barabara ikacheza kama maji. Dawa ilimfanya Niya awe na meno meusi, basi. Hakutaka nyama, hakutaka mkate wa mahindi na maziwa, chakula alichokipenda. Alitaka udongo.

Mama Dessa alikuwa na mahali pake pa kuuchimba, ukingo mweupe kando ya barabara ya zamani, aliooneshwa na mama yake. Aliuchekecha, akaunyunyizia siki na chumvi, akauoka kwenye tanuri mpaka ukakauka. Nyumba nzima ilinukia mvua ya kwanza kwenye vumbi. Kisha aliutia kwenye kopo, na bibi na mjukuu wakakaa mlangoni wakivunja vipande na kuviacha viyeyuke ulimini, wamefumba macho wote wawili.

"Mama," Renita alisema, "yule daktari aliuliza kama anakula udongo."

"Ukamwambiaje?"

"Nilikataa."

"Umefanya vizuri. Wale wakisikia udongo wanatuona kama kuku." Mama Dessa akamfuta Niya kona ya mdomo. "Mimi nilikula nikiwa na mimba ya mumeo. Mama yangu alikula. Huyu kaurithi ulimi wetu. Tazama anavyouchagua, hachukui wenye mchanga."

"Anakula mwingi mno."

"Mtoto akipenda kitu cha kwao, mwache. Atapata wapi kingine cha kwao?"

Niya alifumbua macho. "Mama, jana niliota nyumba imeelea. Vyura walikuwa kwaya. Walivaa majoho."

"Waliimba nini?"

"Sikumbuki. Walikuwa wananiita nije safu ya mbele." Akafumba tena.

Renita aliondoka mlangoni, akaenda kusimama jikoni mahali pasipo kazi yoyote.

Mvua kubwa ilinyesha wiki hiyo. Bondeni palijaa, bwawa likapanda juu mpaka kwenye majani, likaufunika mpira wa Niya na ndara yake moja. Ndani, choo kiliguna, kikanyamaza, kikaguna tena, na maji yakaanza kupanda kwenye beseni la kuogea. Cortez alikuwa ametoka kazini sasa hivi. Alivua shati, akashika ndoo, na wote wawili wakachota na kumwaga, wakachota na kumwaga, kama watu waliofunga ndoa kwa kazi hiyo.

"Nataka nimrudishe kwa daktari," Renita alisema. "Nimweleze hili."

"Hili lipi?"

"Hili tunalochota."

Cortez alitua ndoo. "Jina lililo kwenye hati ya kiwanja ni la nani?"

"Lako."

"Basi anayechukuliwa ni mimi. Clarence alikaa ndani siku tatu tu, akarudi akakuta kazi kapewa mtu mwingine. Kiwandani hawaulizi ulikuwa wapi. Ukikosekana, umekosekana. Nikishaikosa ile kazi, hiyo dawa ya daktari utainunua na nini? Na udongo wa Mama?"

"Sijasema uende jela, Cortez."

"Sijasema umesema."

"Mtoto anaisha."

"Unadhani simwoni?" Sauti yake ilishuka. "Nikirudi kazini namkuta amelala. Namfunua kope kama alivyofanya yule daktari. Ndani ni peupe, Renita. Peupe kama ganda la yai. Halafu naifunga polepole asije akaamka akaniuliza natafuta nini."

Wakaendelea kuchota. Mvua ilikatika, na vyura wakaanza huko bondeni, mmoja, wawili, halafu wote.

*

Jumapili ya kuwakaribisha waliohama, kanisa lilijaa watu wa Detroit na Chicago waliorudi kusalimia makaburi ya wazee wao. Kwaya ya watoto ilisimama mbele imevaa meupe. Niya alipangwa safu ya kwanza kwa sababu ya udogo wake. Renita, kwenye benchi, alipoliona hilo alianza kuinuka kabla hajajua kwa nini anainuka.

Ubeti wa pili haukuisha. Niya hakulia wala hakuyumba. Aliteleza chini kama nguo iliyotoka kwenye kamba.

Wanawake wa huduma walikuja wakampepea kwa pepeo za karatasi. Mtu alipiga simu ya gari la wagonjwa, akasikiliza, akaiteremsha. "Lipo moja, na limekwenda upande wa pili wa wilaya. Wanasema tusubiri."

"Kusubiri nini?" alisema Cortez, na alikuwa ameshambeba.

Mji wenye hospitali ulikuwa mbali zaidi ya saa moja. Mama Dessa alikaa mbele na kofia yake ya kanisani, akiomba kwa midomo. Renita alikaa nyuma, kichwa cha Niya mapajani. Mashamba yalikuwa yamelowa na kung'aa, ng'ombe weupe wamesimama ndani ya mvuke mpaka magoti, na ikawa kama gari limesimama na nchi ndiyo inayopita polepole ikiwatazama. Alimwekea mtoto kidole shingoni. Mapigo yalikuwa ya haraka, madogo, ya ndege. Alijikuta anayaomba msamaha.

Daktari wa hospitali alikuwa mwanamke, Daktari Raman, mwenye miwani iliyosukumwa kichwani na uchovu wa mtu aliyekesha. Alikuja na majibu ya damu akasimama kando ya kitanda.

"Damu aliyonayo ni theluthi ya anayotakiwa kuwa nayo," alisema. "Nashangaa aliwezaje kusimama, achilia mbali kuimba. Tunamwongezea sasa hivi. Lakini lazima nijue ile nyingine imekwenda wapi. Hajaumia, hatapiki damu..."

Niya alifumbua macho. Aliona koti jeupe, akajikaza kama mtoto aliyeitwa kusoma mstari wake.

"Maji yetu yanakwenda mjini," alisema, kwa sauti ndogo lakini safi. "Kwenye bomba la chini. Mimi nacheza mbele kwenye maua ya Bibi. Sichezi nyuma." Kisha akageuza macho kumtafuta mama yake, aone kama amesema sawasawa.

Daktari Raman aliteremsha miwani. "Sijamuuliza hilo," alisema polepole.

Upande wa pili wa kitanda, Cortez alimtazama mkewe, na kichwa chake kikatikisika, kidogo tu, cha kukataa. Renita alikiona. Alimwona pia mtoto, bado anasubiri kusifiwa.

"Nilimfundisha mimi," Renita alisema. "Hayaendi mjini. Yanakwenda nyuma ya nyumba, yanatuama pale. Na yeye anacheza pale pale, peku, kwa sababu ndipo penye kivuli. Tulishaulizwa kliniki, nikadanganya. Watu wanafungwa kwetu kwa hilo, Daktari. Nikaona bora uongo."

Mama Dessa alivua kofia yake akaiweka mapajani. "Na udongo anakula," alisema. "Nampa mimi. Nauoka kwa siki na chumvi."

Daktari hakuguna wala hakucheka. Alivuta kiti akakaa, na kukaa kwake ndiko kulikomwogopesha Renita kuliko yote. "Nadhani ni safura," alisema. "Minyoo. Wanakaa kwenye udongo wenye kinyesi, wanapenya ngozi ya mguu, wanafika tumboni wanajishikiza huko na kunywa damu. Hivi hana vipele katikati ya vidole?"

"Alikuwa navyo. Nilivisugua."

"Mtu akiishiwa damu mwili hutamani udongo, mama," alimwambia Mama Dessa. "Haukuwa udongo uliomwangusha. Ulikuwa unawaambia." Akamgeukia Renita tena. "Nitapima choo chake nihakikishe. Kliniki hawakupima?"

"Hawakupima. Niliwaambia tumeunganishwa."

"Angepimwa, dawa yake ni vidonge. Siku chache, basi."

Mwenye mtoto na alisikie hilo. Mama anaweza kuuficha uchafu wake, na umaskini wake, na bomba lake. Lakini akivificha mbele ya daktari, anayefichwa ni mtoto.

Damu ilidondoka kwenye mrija tone kwa tone mpaka jioni. Rangi ilirudi kwanza masikioni mwa Niya, halafu midomoni, kama mtu anayewasha taa chumba baada ya chumba katika nyumba kubwa. Kwenye korido Cortez alisimama ameegemea ukuta, bado na tai ya kanisani.

"Sasa watakuja," alisema.

"Waje."

"Nilitikisa kichwa pale. Uliona?"

"Niliona."

"Niya asije akalijua," akasema. "Hata akiwa mtu mzima. Hilo moja nakuomba."

Renita akaweka paji la uso wake kifuani pake, juu ya ile tai, na hakumjibu, na kwa miaka waliyokaa pamoja hilo lilikuwa jibu.

*

Bwana Afya alikuja baada ya wiki mbili, kwa taarifa ya hospitali, mtu mzima mwenye kofia ya majani na leso. Alikuwa na adabu, na hiyo ilimwudhi Cortez zaidi. Alizunguka nyuma, akapiga picha bomba, akapiga picha bwawa.

"Natakiwa kuandika," alisema.

"Andika," Renita alimwambia. "Na uandike kwamba mtoto karibu afe. Kuna mahali pa kuandika hilo?"

Akasema hapana mahali pake hasa. Akawaachia wito wa mahakamani wa mwezi ujao.

"Nitakwenda na wewe," Renita alimwambia mumewe. "Wakisema bomba ni lako, nitawaambia tumekikalia choo hicho sote."

Cortez alitaka kukasirika, kicheko kikamtangulia. Lakini usiku alikuwa anakaa kitandani bila kulala, na Renita pia, kila mmoja akijifanya hamsikii mwenzake.

Barabara iliwanunia. Gari la Bwana Afya lilionekana na kila dirisha. Watu waliokuwa wakipunga mkono wakawa na shughuli na usukani. Kanisani mwanamke mmoja alimwambia Renita, bila kugeuza shingo, "Umetuletea serikali mpaka uani." Viatu vya Jumapili vilipita mbali nao, na benchi lao lilikuwa na nafasi ya kutosha kwa mara ya kwanza.

Ndipo Jumamosi moja, jua likiwa bado kali, Bi Earlene akaja kwa miguu. Yeye ambaye hata dukani mwa jirani alikwenda kwa gari. Alikaa barazani, akakataa chai ya barafu, akaikubali, akaizungusha glasi mkononi.

"Mmepoteza akili kweli nyinyi," alianza. "Mlikuwa mmekaa kimya vizuri."

"Ndiyo, Bi Earlene."

"Unajua tangi langu."

"Nalijua sana."

"Hulijui." Akaitazama glasi. "Ni pipa. Marehemu Otis alilizika mwaka tuliooana. Halina chini. Lilishaoza, Renita, mvua ikinyesha linatema yote uani kama la kwenu, miaka hii yote. Na yule mjukuu wangu, Tyrell, niliyeachiwa na binti yangu... analala. Nilimkuta jana anakula chaki za shule. Mfuko mzima."

Renita alisogeza kiti chake karibu.

"Nifundishe la kusema huko kliniki," Bi Earlene alisema. "Wewe umeshapita. Nianze vipi, ili wamtibu na wasiniulize ya pipa?"

"Hakuna la kufundishwa. Anza na pipa."

"Mbele za watu?"

"Mbele za daktari. Jumanne nitakwenda nawe. Wewe utaendesha, mimi nitakaa nyuma na Tyrell."

Ndani ya trela sauti ilianza, tok tok tok tok, kutoka chumba cha mwisho mpaka jikoni, ikagonga kabati, ikageuka, ikarudi. Niya alikuwa anakimbia. Alikuwa amevaa viatu vyenye soli nene alivyokatazwa kuvivua hata ndani, na kila alipopita sakafu ilitetemeka na chai ikafanya mawimbi kwenye glasi.

"Mtoto gani anakimbia ndani," Bi Earlene alisema, kwa desturi yake. "Mwambie akae. Atatoboa sakafu."

"Mwache."

Bi Earlene alifungua mdomo aongeze, akaufunga. Aliweka kiganja chake ubaoni kando ya kiti, mahali mtetemo ulipokuwa unapita, akakiacha hapo. Mtoto akaenda, akarudi, akaenda tena. Wanawake wawili wakakaa wakisikiliza, na hakuna aliyemwita.